Fidla zinapojibu: albamu za pop ya okestra zilizonikaa moyoni

Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale, katika nyumba ambayo redio haikuzimwa mchana kutwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba pop yenye okestra ni muziki wa Wazungu, namuuliza kama amewahi kuhudhuria harusi ya Pwani. Fidla zimekaa safu, kanuni ile ala ya nyuzi nyingi, udi, akodioni, na mbele yake mwimbaji anayeimba habari ya penzi lililomchoma. Hiyo ni nini kama si pop ya okestra? Akhwan Safaa, kundi la taarabu la Unguja, walianza mwaka wa 1905. Sikio langu lilifundwa huko, nikaja nalo Nairobi, na ndilo lililosikiliza albamu hizi.

Kipimo changu ni kimoja. Katika taarabu, mwimbaji akimaliza ubeti, fidla humjibu. Hazimfuniki wala hazimtangulii. Humwacha amalize, kisha hulichukua neno lake la mwisho na kulirudisha kwa njia nyingine, na zikikosa la kusema hunyamaza. Albamu ikiwa na fidla hamsini na hakuna hata moja inayojibu, hilo kwangu ni pazia la dirishani.

Kabla sijafika kwenye albamu zenyewe, neno kuhusu vifaa, maana nusura niitupe kazi nzuri kwa sababu ya kifaa kibovu. Nilinunua hedifoni za shilingi 400 katika duka moja la mjini. Muuzaji aliniapia kwamba besi yake ni kali, na hakusema uongo. Besi ilikuwa kali hata chelo, zile fidla kubwa za sauti nzito, zikasikika kama mtu anayeburuta meza ghorofa ya juu, na sauti ya mwimbaji ikazama chini yake. Siku ya pili sikio la kushoto likafa. Nilirudi nikaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi. Baadaye nikajinyima, nikanunua za waya kwa shilingi 3,200, nikarudia albamu ile ile. Nikasikia uta ukigusa uzi, ule mkwaruzo mdogo kabla sauti haijatoka. Sikuwa nimejua kwamba upo. Kwa hiyo tafadhali, usiupime muziki huu kwa spika ya matatu. Zile zimefungwa kwa ajili ya besi, na kwa kazi hiyo hazina mshindani, lakini fidla haina pa kupita mle.

Sasa niseme ya Rosalía. Albamu yake, Lux, ilitoka tarehe 7 Novemba 2025, na tangu hapo haijatoka kwenye simu yangu. Mwanamke huyu wa Katalunia alisomea chuoni uimbaji wa flamenko, muziki wa asili wa kusini mwa Hispania, akapata umaarufu kwa kuuchanganya na pop ya kisasa, na albamu iliyotangulia, Motomami ya 2022, ilikuwa na midundo mikali ya kompyuta. Watu walitarajia zaidi ya hiyo. Yeye akaenda kurekodi na London Symphony Orchestra, akaimba kwa lugha zaidi ya kumi, Kilatini na Kiarabu zikiwemo, akasimulia habari za wanawake watakatifu wa dini mbalimbali.

Mama alikuwa amekuja kukaa nami South B wiki mbili. Jioni moja umeme ulikatika, nikawasha taa ya betri, nikaweka Lux kwenye spika ndogo. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Ulipofika wimbo wa Berghain, ule unaoanza kwa fidla za kasi na kwaya ya Kijerumani, mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akasikiliza hadi Björk, mwimbaji wa Iceland, akaingia, kisha akauliza, “Mwanangu, hawa wakimbizana na nani?”

Sijasoma mahali popote uhakiki bora kuliko swali hilo. Fidla za wimbo ule zinakimbizana kweli. Rosalía hapigani nazo. Anapanda juu yao kwa sauti ya opera, na kila akitulia kidogo okestra inamrukia kwa jibu. Kipimo changu kimepita, tena kwa mbali.

Kisha ukaja La Yugular. Nikamwambia Mama kwamba wimbo huu umetokana na habari za Rabia wa Basra, yule mwanamke Sufi wa kale. Akaniangalia kwa mshangao. “Rabia al-Adawiyya? Huyu kamjulia wapi?” Nikamfasiria jina la wimbo, kwamba ni mshipa wa shingo, naye papo hapo akanikumbusha ile aya ya Sura Qaf, kwamba Mwenyezi Mungu yuko karibu na mja kuliko mshipa wa shingo yake. Tukanyamaza tukausikiliza wote. Mwimbaji kutoka Hispania, mwanamke mcha Mungu wa Basra, na mama yangu na mchele wake, gizani South B. Muziki huu umenipa mengi, lakini hilo sikulitegemea.

Lux ina uzito wake. Ukiisikiliza yote kwa mkupuo utachoka, maana kila wimbo una kilele chake, na masikio huhitaji bonde baada ya mlima. Mimi huisikiliza nyimbo tatu tatu. Pia maneno yanahitaji tafsiri, na bila hiyo unapoteza nusu. Jambo jingine lililonikera ni kwamba ilipotoka, nakala ya diski ilikuwa na nyimbo 18 na ya mtandaoni 15. Sisi tunaonunua bando ndio tuliokatiwa.

Ya pili kwa uzito moyoni mwangu ni Lives Outgrown ya Beth Gibbons, ya Mei 2024. Wengi wanamjua kama sauti ya Portishead, kundi la Bristol. Albamu hii ilimchukua takriban miaka kumi, na miaka hiyo unaisikia. Anaimba kuhusu mwili wa mwanamke unaovuka umri wa kuzaa, na kuhusu mazishi yanayozidi kukaribiana. Aliyemsaidia kwenye ngoma ni Lee Harris, wa bendi ya zamani ya Talk Talk, na wawili hao walikataa ngoma za kawaida. Waligonga vyombo vya nyumbani. Hata sanduku lililojaa mapazia liligeuzwa ngoma. Niliposikia hivyo nilikumbuka vugo, wanawake wetu wanaogonga pembe za nyati harusini. Mlio wa kitu kilichokuwa na kazi nyingine duniani kabla hakijaingia kwenye muziki una joto ambalo ngoma ya dukani haina.

Hii si albamu ya kusikiliza ukipika. Niliipeleka kwenye bustani ya Arboretum Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajajaa, nikatembea nayo chini ya miti. Fidla zake ni chache, zinalia chini chini. Kwenye Floating on a Moment kwaya ya watoto inaingia karibu na mwisho, sauti nyepesi kabisa, huku maneno yanahusu kifo. Nilimzika baba mwaka juzi. Nilikaa kwenye benchi nikaurudia wimbo mara tatu.

Father John Misty, mwimbaji wa Marekani, nilimpa nafasi kwa sababu rafiki yangu mmoja alinisisitizia. Mahashmashana ya Novemba 2024 ina nyimbo nane tu, na ule wa kwanza unapita dakika tisa. Jina ni la Kisanskriti, uwanja mkubwa wa kuchomea maiti. Mpangilio wa fidla ni wa Drew Erickson, fundi kweli kweli, na wimbo huo wa kwanza unapojenga ukuta wake wa sauti unajiona mdogo kama uko chini ya mlima. Lakini ukuta haujibu mtu. Bwana huyu ana maneno mengi na makali, na mara nyingi okestra inamzungushia utukufu badala ya kuzungumza naye. Nilifurahi, nikavutiwa, sikuguswa. Mwenye kupenda sauti kubwa na maneno ya kutafakari ataipenda kuliko mimi.

The Last Dinner Party, kundi la watu watano wa London, walifungua albamu yao ya kwanza, Prelude to Ecstasy ya Februari 2024, kwa kipande cha okestra tupu, bila neno hata moja, kilichopangwa na mpiga kinanda wao Aurora Nishevci. Albamu hiyo ilishika namba moja Uingereza. Ya pili, From the Pyre ya Oktoba 2025, ni nzuri, ila mimi bado narudi kwenye ile ya kwanza. Na kama hujawahi kabisa kusikiliza muziki wa aina hii, anza na Laufey, mwimbaji wa Iceland, na albamu yake A Matter of Time ya Agosti 2025. Anapiga chelo mwenyewe, mama yake ni mpiga fidla, na nyimbo zake zinaingia masikioni bila kubisha hodi.

Ukishazizoea hizo, rudi nyumbani. Siti & the Band wa Zanzibar walitoa Fusing the Roots mwaka wa 2018, ambamo kanuni na fidla zinakaa pamoja na gitaa la besi, na kujibizana kule nilikokueleza kumo tele. Hapa Nairobi kuna Labdi, anayepiga orutu, zeze la uzi mmoja la Waluo ambalo kwa desturi lilikuwa la wanaume. Orutu ina ukali ambao fidla ya Ulaya imesafishwa ikaupoteza. Na Korogocho, tangu 2008, Ghetto Classics wanawafundisha watoto fidla, chelo na tarumbeta. Natamani sana mwimbaji mmoja wa mji huu awachukue vijana hao, amchukue na mpiga orutu, aimbe Kiswahili mbele yao kwa albamu nzima. Watu wapo, ala zipo. Nitainunua siku hiyo hiyo, tena diski.

Mama aliondoka Jumapili. Nilimsindikiza hadi Syokimau kupanda treni, na tulipokuwa foleni akatoa simu yake, akanipa. “Nitilie ule wa watoto,” akasema. Nikadhani anataka Lux, nikaanza kuitafuta. Akatikisa kichwa. Alikuwa amenisikia nikiucheza usiku chumbani, nami nilidhani amelala. Nikamwekea wimbo wa Gibbons, nikampa na hedifoni zangu za waya.