Soksi za kubana kwa wenye vena zilizovimba: je, zinavalika katika joto la Dodoma?

Watu wengi wa hapa Dodoma wenye vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) zilizovimba miguuni huvaa soksi za kubana bila taabu mwezi wa Juni na Julai, wakati wa upepo wa baridi, kisha huzifungia kabatini ifikapo Oktoba, jua linapokolea na mvua za Desemba zikiwa bado mbali. Sababu yao ninaielewa, lakini huo ndio msimu ambao miguu inazihitaji zaidi. Joto hutanua mishipa ya damu, na vali ndogo zilizomo ndani ya vena, ambazo kazi yake ni kuzuia damu isirudi chini, zikiwa tayari zimelegea, hushindwa kufunga sawasawa. Damu hutuama kwenye shavu la mguu na kwenye kifundo, na kufikia alasiri mguu unauma, unawasha na kiatu kinabana.

Soksi ninazozieleza hapa huishia chini ya goti, ziko wazi vidoleni, zimefumwa kwa nailoni nyembamba yenye nyuzi za kuvutika, na mgandamizo wake, yaani nguvu ya kubana, ni milimita 15 hadi 20 za zebaki. Hubana zaidi kwenye kifundo na kulegea kidogo kidogo kuelekea gotini, ili damu isukumwe juu. Nimezivaa kazini msimu mzima wa joto. Kazi yangu ni ya kaunta katika ofisi iliyopo Mji wa Serikali, Mtumba, na sehemu kubwa ya siku nakuwa nimesimama.

Jambo la kwanza ni vipimo, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapowaangusha wateja. Katika duka moja la dawa niliulizwa namba ya kiatu tu, nikaonyeshwa boksi, nikaambiwa zitanitosha. Sikununua. Duka la vifaa tiba lililoniuzia, lililopo katikati ya mji, lilinitaka nirudi asubuhi kabla miguu haijavimba; dada aliyenihudumia akachukua utepe wa kupimia, akapima mzunguko wa kifundo pale palipo pembamba kabisa, kisha shavu la mguu pale palipo panene, kisha urefu kutoka kisigino hadi mkunjo wa goti, na akapima kila mguu peke yake. Soksi isiyolingana na mguu hujikunja nyuma ya goti, na mkunjo huo hugeuka kamba inayozuia damu badala ya kuisaidia.

Kuhusu joto, nitasema kweli: zinapasha. Hata hivyo, hali ni nafuu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kitambaa ni chembamba na vidole vinapata hewa. Nilizijaribu pia zile nene zenye pamba nyingi, kwa kuamini kwamba pamba ni baridi, lakini zilinyonya jasho na kukaa mbichi mguuni. Kilichonisaidia kuliko vyote ni chupa ya kupulizia maji, kama zile za saluni. Saa za mchana nazipulizia soksi zikiwa mguuni, na kwa kuwa hewa ya Dodoma ni kavu, maji hukauka upesi na kuondoka na joto. Nafuu hiyo nina wasiwasi kama mtu wa Dar es Salaam au Tanga, penye unyevu mwingi hewani, ataipata kwa kiwango kilekile.

Kasoro zipo. Kuzivaa kunahitaji subira: lazima uzivae asubuhi kabla ya kuanza pilikapilika, mguu ukiwa mkavu kabisa, kwa maana mguu wenye jasho au uliotoka kupakwa mafuta haupitishi soksi. Glovu za mpira za kuoshea vyombo husaidia kuivuta na kuinyoosha bila kuitoboa kwa kucha. Rangi inayoitwa ya mwili kwenye boksi si ya mwili wangu wala ya wanawake wengi ninaowajua, hivyo nilichagua ya kahawia. Epuka zenye ukanda wa silikoni juu, kwani jasho likikaa chini yake hutoa vipele. Zangu zina ukingo wa kufumwa tu. Bei ilizidi shilingi 40,000 kwa jozi, na mgandamizo hupungua baada ya miezi 3 hadi 6 ya kuvaliwa kila siku, kwa hiyo ni gharama inayojirudia.

Soksi hizi hupunguza uvimbe na maumivu lakini haziponyi vena. Mwenye ganzi ya miguu kwa ajili ya kisukari, au ambaye damu haifiki vizuri miguuni, asizivae kabla ya kumwona daktari, na zile za milimita 20 hadi 30 ziachiwe ushauri wake. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda damu imeganda. Na tafadhali, mama zangu mnaokanda miguu kwa maji ya moto jioni, kwa tatizo hili acheni, kwa kuwa joto hilo hutanua vena zilezile. Laleni chali, miguu ikiwa juu ya mito na kuuzidi moyo kwa kimo, kwa dakika 15 hivi.

Kwa anayesimama au kukaa kutwa, nazipendekeza bila kusita, mradi apimwe. Nimeshanunua jozi ya pili ya aina ileile, ili moja ivaliwe nyingine ikikauka. Huzifua kwa mkono kila jioni, kwa maji baridi na sabuni laini, na kuzianika kivulini, kwa sababu jua la hapa huua nyuzi za kuvutika mapema.