Sahani ya plastiki ya kulishia vifaranga: kwa wiki ya kwanza, ni nzuri kweli

Kifaranga humwona mwenzake akidonoa, naye hukimbilia hapohapo. Ndiyo maana sahani hii bapa inafaa: ukingo wake mfupi hauwazuii kuonana. Weka 1 kwa vifaranga 50, karibu na joto, juu ya karatasi ya kaki. Gazeti huteleza na kuwapanua miguu. Nyunyiza chakula kidogo, kisha gongagonga kwa ncha ya kidole, kama mama yao anavyodonoa chini.

Kasoro yake kubwa ni kwamba wanaingia ndani na kunya, kwa hiyo ifute kila unapojaza.

Ukihamia kilishio cha kuning'iniza, usiiondoe ghafla. Ziache zote mbili siku 2 au 3, waliokwisha kugundua kipya wawavute wenzao.