Kutu kwenye bodi ya gari la zamani: ununue nini kwanza?

Rangi ikianza kuvimba juu ya tairi la nyuma, jua kutu imeshakaa ndani muda mrefu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo huisukuma rangi kutoka chini. Kipele kidogo unachokiona nje mara nyingi ni bati lililokwisha kuliwa kuanzia upande wa ndani. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anapeleka Corolla au Noah yake ya zamani moja kwa moja kwa fundi rangi. Rangi mpya juu ya kutu ni pesa iliyotupwa.

Wa pwani tuna kazi zaidi. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu, chuma huliwa haraka. Magari mengine yalianza kuliwa kabla hayajapanda meli: kaskazini mwa Japani, Hokkaido kwa mfano, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kama una karatasi ya mnada ya gari lako, ile ya Japani inayoeleza hali ya gari, tafuta herufi S na C. S ni kutu, C ni kutu iliyozama.

Kabla ya kununua chochote, chukua bisibisi na sumaku. Gongagonga taratibu ukingo wa bodi chini ya milango, ndani ya madigadi na sakafu ya buti chini ya tairi ya spea. Sumaku isiposhika, hapo kuna puti nene, ule ujiuji wa kusawazishia bodi unaokauka na kuwa mgumu. Bisibisi ikizama, dawa yoyote ya kopo haitakusaidia.

Penye tundu, pesa ya kwanza ni ya fundi wa kuchomelea. Bati la bodi lina unene wa kama milimita 0.7 hadi 0.8, kwa hiyo kiraka cha geji 20 kinafaa. Usikubali kipande cha bati la paa la geji 28 au 30. Namba ya geji ikipanda bati huwa jembamba, na hilo ni jembamba mno. Tafuta fundi mwenye mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya mwembamba unaojitoa wenyewe, kwa sababu welding ya kawaida ya fimbo hutoboa bati jembamba, na gesi hulipinda kwa joto. Achomelee nukta kwa nukta, akiacha zipoe. Hakikisha terminali ya betri imetolewa, kapeti na viti vya upande huo vimeondolewa, na hakuna moto karibu na tangi la mafuta au mipira yake. Kiraka kikiwa na zinki, aikwangue kwanza kwenye kingo, kwani moshi wake humletea fundi homa.

Baada ya hapo ndipo uende dukani. Mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni praima (rangi ya msingi) ya epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa. Haina mpinzani. Inashika chuma kitupu na kuzuia maji yasipite, wakati praima nyingi za kopo moja hunyonya unyevu, hivyo gari likiachwa na praima tupu wiki kadhaa likisubiri pesa ya rangi, kutu huendelea chini yake. Sharti lake ni usafi: brashi ya waya au grainda, kisha msasa mpaka chuma king'ae, kisha futa mafuta yote. Fuata vipimo vya kwenye kopo, na upige mahali penye hewa ukiwa na barakoa ya kuzuia mvuke wa rangi, si ya kitambaa.

Ya pili ni ile ambayo wengi hawainunui kabisa: nta ya kunyunyizia ndani ya bodi, au mafuta ya lanolini yanayotokana na sufu ya kondoo. Milango na kingo za chini zina uwazi ndani, na msasa haufiki huko. Nta hupenya kwenye maungio na kufukuza maji. Nunua yenye mrija mrefu, uingize kupitia vitundu vilivyopo, kisha uhakikishe vitundu vya kutolea maji chini ya milango havijazibwa. Lanolini huhitaji kurudiwa kila baada ya muda, hasa kwa gari linalopita kwenye maji. Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu kwa gari ambalo bado halijatoboka, ningenunua hii.

Ya tatu ni dawa ya kugeuza kutu. Ina asidi ya fosforiki au tanini, na hugeuza kutu nyembamba kuwa tabaka jeusi lililotulia. Inafaa kwenye vishimo ambavyo msasa haukumaliza. Kutu inayobanduka lazima ikwanguliwe kwanza, na kwenye chuma safi dawa hii haina kazi. Soma pia maelezo ya epoksi yako, maana nyingi hazishiki vizuri juu ya mabaki ya asidi.

Praima ya zinki naiweka ya nne, si kwa ubaya. Zinki huliwa badala ya chuma, na ni nzuri kwenye maungio yatakayochomelewa. Kwa bodi nzima, epoksi inatosha.

Ya mwisho ni lami ya kupaka chini ya gari. Juu ya chuma kilichokwisha kupigwa epoksi inasaidia dhidi ya mawe. Juu ya kutu ni hatari: ikikauka hupasuka, maji huingia na kubaki ndani, na wewe huoni kitu mpaka sakafu ilegee.

Puti ni ya kusawazisha bati lisilo na tundu, baada ya praima. Ukiziba tundu kwa puti, hunyonya maji kutoka nyuma na kutu hutanuka kimyakimya. Fundi akikuambia ataweka wavu na puti chini ya mlango, mkatalie, maana ukingo ule ni sehemu ya nguvu ya gari wakati wa ajali. Mkatalie pia oili chafu ya kumwagia chini. Ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani, huharibu bushi na mipira, na kinachodondoka huingia kwenye udongo wa uani unakochezea watoto.