Kupeleka sauti ya redio kwa intaneti Bukavu: kifaa kipi kinunuliwe?

Redio yenye studio Ibanda na mtambo wa FM kilimani, ikiwa haina kiungo chake cha mawimbi, hulazimika kupitisha sauti kwenye intaneti ileile inayotumiwa na kila mtu. Wauzaji hupenda kuzungumzia kasi, lakini muziki wa stereo uliobanwa kwa Opus, kodeki (mbinu ya kubana sauti) isiyolipiwa iliyoidhinishwa kuwa kiwango mwaka 2012, hutosheka na kilobiti 128 kwa sekunde. Kinachoharibu matangazo ni paketi, yaani vipande vya data vinavyobeba sauti, zinazopotea au kuchelewa njiani, pamoja na umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unapokatika, na hivyo ndivyo vigezo vyangu.

Nafasi ya kwanza naipa jozi ya visanduku vidogo vya kudumu vya kupitisha sauti, kimoja cha kutuma studio na kingine cha kupokea mnarani, kama vile vya Barix ya Uswisi. Havina feni wala Windows, hutumia umeme kidogo kiasi cha kuendeshwa kwa betri na paneli ya jua, na umeme ukirudi huwaka na kuunganika vyenyewe bila fundi kupanda kilima usiku. Chagua toleo lenye tundu la fleshi, ili mtandao ukikatika lipige muziki wa akiba. Kasoro ni kwamba hutegemea njia moja. Ruta yenye laini mbili husaidia, ingawa inapohama laini sauti hukatika kidogo.

Comrex ya Marekani na Tieline ya Australia zina mashine zinazotumia mitandao miwili kwa wakati mmoja, hata paketi iliyopotea kwa Airtel ikaweza kufika kwa Vodacom. Kiufundi ndizo bora, wala sibishi; bei ndiyo iliyozishusha hadi nafasi ya pili. Kituo kinachotangaza mechi na misa moja kwa moja kila juma kianze nazo.

Ya tatu ni kompyuta yenye programu ya BUTT, inayotuma sauti, na seva ya Icecast, inayoisambaza kwa wasikilizaji, zote za bure. Inawafaa wasikilizaji walio ughaibuni, lakini sauti huchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo mtangazaji aliye nje hawezi kujibizana na studio.

Simu ya WhatsApp ni ya mwisho. Husafisha sauti kwa ajili ya maongezi, na kwaya humezwa kama kelele. Itumike kwa ripoti fupi kutoka soko la Kadutu.

Kabla ya kulipa, dai jaribio la jioni, laini zikiwa zimejaa, kwenye mnara wenyewe. Sikiliza wimbo mzima, kisha chomoa waya wa umeme na kuurudisha. Jaribio la dukani kwa Wi-Fi ya muuzaji halihesabiki.