Gemu la kutengeneza umeme wa chombo cha angani: eti tepu hairuhusiwi

Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Gerezani, Dar. Nasema mapema mjue hasira inatoka wapi. Wiki kadhaa zilizopita nilinunua gemu la kompyuta, jina sitalitaja, ambalo unakuwa injinia wa umeme ndani ya chombo cha angani kilichochoka. Taa zinapepesa, betri hoi, nyaya zinaning'inia ukutani kama matumbo ya samaki. Nikasema hii si ndiyo kazi yangu ya kila siku? Tena humu hakuna tajiri wa kupiga simu kila dakika tano: "Fundi, imefikia wapi?"

Mwanzo ulikuwa mtamu, sikatai.

Sitaha ya pili, fyuzi ya taa za korido ikawa inaungua. Unaweka nyingine, inaungua. Fundi wa kubahatisha hapo angepachika fyuzi kubwa zaidi, au ile karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, halafu chombo kizima kiwake moto. Mimi nikafanya ninavyomfundisha dogo wa gereji: chomoa taa moja moja, jaribu. Nimechomoa zote, fyuzi bado inaungua. Basi shoti iko kwenye waya wenyewe. Nikaufuata waya wa kijani nyuma ya paneli karibu nusu saa, mpaka pale unapopita kwenye tundu la bati. Ganda limelika, shaba inang'aa, inagusa bodi. Hata kwenye daladala waya huliwa hapohapo, kwenye tundu ambalo raba yake imedondoka. Nikacheka peke yangu usiku wa manane.

Nikatoa tepu. Tepu wanakupa wao wenyewe, ipo kwenye begi la vifaa, nyeusi, rola zima. Nikazungushia. Maandishi mekundu yakatokea: hairuhusiwi, nunua waya mpya. Nikarudia. Mekundu tena. Kumbe tepu ile ni ya kufungia maboksi! Na waya mpya unauzwa kwa hela za humo ndani ambazo sina, kwa hiyo nirudi sitaha ya kwanza nikaokote vyuma chakavu. Masaa mawili naokota skrepa kwa ajili ya kipande cha waya kisichofika mita. Huo si ufundi, huo ni uuzaji wa spea.

Nikawaandikia kistaarabu. Sawa, si kistaarabu sana. Jibu likaja baada ya siku mbili tatu: asante mteja, gemu letu linazingatia uhalisia, mafundi wa angani hawafungi waya kwa tepu. Wakanishauri nicheze kiwango cha wanaoanza. Mimi!

Haya, uhalisia. Februari 1985 kituo cha anga cha Wasovieti, Salyut 7, kilinyamaza kikiwa hakina mtu ndani. Juni wakapelekwa wawili, Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh. Wakakikuta giza totoro, baridi, maji yameganda, wanafanya kazi na kofia za sufu kichwani. Chanzo? Sensa moja ilikuwa inadanganya kwamba betri zimejaa, basi zikawa hazichajiwi, zikanyonywa mpaka zikafa. Gari ngapi nimeziona zimelala wiki nzima kwa ajili ya kidude kama hicho! Betri zilikuwa 8, mbili hazikufaa tena. Zile 6 wakaziunganisha moja kwa moja na paneli za jua: wakasokota nyaya kwa vidole vyao, katika baridi ile, mmoja baada ya mwingine, wakafunga kwa tepu. Halafu wakakigeuza kituo kizima kielekee jua kwa kutumia injini za Soyuz waliyokuja nayo. Betri zikapata chaji, taa zikawaka. Kwa tepu! Na wale Wamarekani wa Apollo 13, chombo kilichoharibika njiani kwenda mwezini mwaka 1970, bila tepu na mifuko ya plastiki ya kuunganishia vichujio vya hewa wangekufa kwa pumzi zao wenyewe. Leo mtu anitumie barua pepe kunifundisha uhalisia.

Nyota moja, nikaamua. Nikadai hela yangu, nikaambiwa nimeshapitisha saa za kucheza zinazoruhusiwa. Saa zenyewe ndizo zile za kuokota skrepa.

Lakini ngoja nisimnyime mtu haki yake. Nilipoweka huo waya wao mpya, nikarudisha fyuzi, nikapandisha swichi, taa hazikuwaka papo hapo. Kwanza ikalia relei, ile swichi inayojiwasha yenyewe kwa umeme, tak, mahali fulani nyuma yangu upande wa kushoto. Kimya kidogo. Halafu taa ya kwanza, ya pili, zikafuatana mpaka mwisho wa korido. Ule mlio ndio wenyewe. Aliyeurekodi amewahi kulala chali chini ya dashibodi, hilo naapa. Nikavua hedifoni nikachungulia nje, nikidhani kuna gari limewashwa.

Basi nyota tatu. Nne, wakiruhusu tepu. Hapana, ziwe tatu, maana yule wa kiwango cha wanaoanza bado yuko kazini.

Laptopu yenyewe sasa anayo dogo, ameing'ang'ania tangu Jumamosi. Jana kafika korido ileile. "Fundi, mbona fyuzi inaungua tu?" Nikamwambia achomoe taa moja moja, aufuate waya wa kijani. Habari ya tepu sijamwambia.