Chakula cha Dalmatian bila omena: duka la kusagia Kibuye

Ukiomba chakula cha mbwa Kisumu, jua utauziwa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Unga wa kuchemsha una omena, na muuzaji atakuongezea gorogoro nyingine ya omena juu, ya "kumpa nguvu". Mbwa wengi hunenepa nayo vizuri tu. Wangu ni Dalmatian dume, anaitwa Chui, na yeye omena haimfai.

Tatizo ni la kuzaliwa. Mbwa wa kawaida huigeuza asidi ya yuriki, ambayo ni taka ya mwili, kuwa alantoini, ambayo huyeyuka kwa urahisi kwenye mkojo. Dalmatian ana kasoro ya jeni, hivyo sehemu kubwa ya asidi hiyo hutoka jinsi ilivyo, na inaweza kugandamana ikawa vijiwe. Dume ndiye mwenye hatari zaidi kwa sababu njia yake ya mkojo ni nyembamba: kijiwe kikikwama asikojoe, ni kumkimbiza kwa daktari saa hiyo hiyo. Asidi hiyo inatokana na purini, kemikali iliyomo kwenye vyakula, na purini imejaa kwenye omena, maini, figo na hamira. Yaani karibu kila kitu ambacho watu wa hapa humwekea mbwa wakimpenda.

Ndiyo maana nalisifu duka hili la mabati nyuma ya soko la Kibuye. Wanakusagia ulichotaka, hata kama wanakuona kituko. Mimi huagiza mahindi na mchele uliovunjika wa Ahero, basi. Mama anayepima huwa hakosi neno: "Baba Chui, huyo mbwa wako kweli ni wa Kisumu?" Lakini mizani yake ni ya haki, na mchele anaupepeta kabla ya kuupima.

Protini naiongeza nyumbani: mayai ya kuchemsha na mala, ambavyo purini yake ni kidogo. Halafu maji, maji mengi, uji uwe mwepesi wa kulambwa. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, naongeza tena.

Sasa lawama. Mashine ni moja, na chakula cha kuku chenye omena kinapita humo humo. Ukifika mchana, kilo za kwanza zinatoka zikinuka ziwa zima. Kijana wa mashine ukimwambia apitishe mahindi kidogo kwanza kuisafisha, anakuangalia kama umemtukana, hasa foleni ikiwa ndefu. Asubuhi kabla ya kuku wa watu kufikiwa, hana shida kabisa, na unga unatoka mweupe, hauna harufu. Unga wa mahindi ya kusafishia mashine mpelekee jirani mwenye kuku.

Nawapa nyota nne. Nenda mapema, na ubebe gunia lako mwenyewe, maana yale wanayouza pale mlangoni yaliletwa yakiwa na omena ndani.