Tathmini: Pakiti za ORS kutoka duka la dawa la Langoni, Lamu

Chumvi za kurudisha maji mwilini, ambazo madukani tunaziomba kwa jina la ORS, hazifai kukosekana katika nyumba yenye mtoto mdogo, na hizi nilizonunua katika duka la dawa la mtaa wa Langoni zimeniridhisha. Kila pakiti huchanganywa na nusu lita ya maji safi. Ladha yake ya chungwa haikuzidi, na mtoto aliyekuwa akiyakataa maji matupu aliyanywa kijiko kwa kijiko bila kutapika.

Ubora wake hasa umo katika kipimo cha chumvi na sukari. Utando wa seli za utumbo umejengwa kwa tabaka mbili za mafuta, na mafuta hayo hayapitishi glukosi, yaani ile sukari, wala sodiamu iliyomo katika chumvi. Ili ziingie, kuna protini iliyopenya katika utando, mlango usiofunguka mpaka chembe mbili za sodiamu na molekuli moja ya glukosi ziwe zimejishika hapo pamoja. Zikishapita, maji huzifuata. Hata katika kipindupindu, ambapo sumu ya bakteria huzifanya seli zimwage kloridi na maji kwa wingi, mlango huu huendelea kufanya kazi, ndiyo maana anayeharisha bado hunufaika na anachokunywa.

Kipimo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 ni gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja, pamoja na potasiamu na sitreti, nazo pakiti hizi zimekifuata. Anayeongeza sukari huyavuta maji kutoka mwilini kuelekea utumboni, na kuharisha kukazidi. Wengi wetu humpa mgonjwa dafu, nami silikatai, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hivyo haliwezi kushika nafasi ya pakiti.

Kasoro kubwa ni maelezo kuandikwa kwa Kiingereza pekee, tena kwa herufi ndogo mno. Nashukuru muuzaji alinitolea chupa ya nusu lita akaniambia, "Mama, pima kwa hii, usikisie kwa bilauri," lakini si kila muuzaji atafanya hivyo, na kosa la kipimo hapa ni kosa la tiba. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe, na mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa apelekwe hospitali papo hapo.